Hungaria haina bahari ila mambo yake yamefika mbali

Kuna hoja naisikia sana kwenye mijadala ya uchumi na hata kwenye vijiwe vya kahawa, kwamba nchi isiyo na bahari haina lake, itabaki kuomba njia kwa majirani na mambo yake hayatavuka mpaka. Kwenye gharama za kusafirisha mizigo sibishi, muulize mfanyabiashara wa Kampala au Bujumbura anayesubiri kontena litoke Mombasa au Dar, atakueleza vizuri kuliko mimi. Ila tukija kwenye utamaduni, yaani muziki, chakula, mpira na akili za watu, hapo nakataa kabisa, na mfano wangu ni Hungaria, nchi ya kilomita za mraba 93,000 hivi, watu wake hawafiki milioni 10, imezungukwa na nchi saba na haina hata kipande cha pwani.

Fungua ramani ya Ulaya uangalie pale kati. Milima ya Karpati imeizunguka kaskazini na mashariki, Alpi iko magharibi, milima ya Balkani iko kusini, afu Hungaria yenyewe imekaa chini kabisa kama uji ndani ya bakuli. Kilele chao kirefu kuliko vyote, Kékes, kina mita 1,014 tu, na karibu nusu ya nchi ni tambarare wanayoiita Alföld, nyasi na mashamba mpaka macho yachoke. Mto Danube unaingia kutoka kaskazini magharibi, unatembea na mpaka wa Slovakia, ukifika maeneo ya Visegrád unakata kona kali kuelekea kusini, unapita katikati ya Budapest na kuendelea zake Kroatia na Serbia. Tisza nao unatokea Ukraine upande wa mashariki. Sasa nchi ya namna hiyo haina pa kujificha, yeyote aliyekuwa na farasi au jeshi kubwa alipita hapo. Wahungaria wenyewe waliingia hivohivo mwaka 895 hivi wakitokea kwenye nyika za mashariki, na lugha yao mpaka leo haihusiani na Kijerumani wala Kislovakia wala Kiromania wanachozungumza majirani, ndugu zake wa karibu ni lugha ndogondogo za Siberia na kwa mbali Kifini. Wamongolia wakaja 1241 wakachoma nchi. Waturuki wa Osmani wakawapiga Mohács mwaka 1526, wakaichukua Buda 1541 na wakakaa hapo mpaka 1686. Wakafuata Wahabsburg, ukoo wa kifalme wa Austria, na 1956 vikaja vifaru vya Kisovieti.

Ninachosema mimi ni kwamba uwazi huohuo uliowaletea mateso ndo uliowapa vitu vya kupika utamaduni wao. Pilipili ni ya Amerika asili yake, iliingia kwao zama za Waturuki, wakulima na wachungaji wa tambarare wakaifanya kiungo chao kwa sababu pilipili manga ilikuwa ghali, na leo ukitaja Szeged au Kalocsa mtu wa jikoni anajua unaongelea paprika. Mchuzi wao maarufu wa gulyás ulikuwa chakula cha wachunga ng'ombe, nyama na vitunguu kwenye sufuria la chuma juu ya moto porini. Na hapohapo Szeged kulikuwa na profesa Albert Szent-Györgyi ambaye alikuwa anahangaika kupata vitamini C ya kutosha kufanyia utafiti. Alisimulia mwenyewe kwamba jioni moja mkewe alimwekea pilipili hoho mezani, hakuwa na hamu ya kuila lakini hakutaka kumwambia mama wa watu hivo, ikamjia kichwani kwamba hiki kitu hajawahi kukipima, akakichukua akaenda nacho maabara, na kabla ya usiku kuisha alishajua ameipata hazina yake. Mwaka 1937 akapewa Nobel. Hii habari huwa inanigusa sana, manake mmea umetoka ng'ambo ya bahari, ukapita mikononi mwa madola yaliyokuwa yanapigana, ukakaa kwenye udongo wa nchi isiyo na bandari, afu ukaifundisha dunia nzima kitu kuhusu mwili wa binadamu.

Maji nayo ni hivohivo. Chini ya lile bonde ganda la dunia ni jembamba kuliko kawaida, kwahiyo maji ya moto yanapanda juu kirahisi, hasa pale Budapest ambapo vilima vya Buda vinakutana na tambarare ya Pest. Warumi walijenga mabafu kwenye mji wao wa Aquincum, Waturuki wakajenga ya kwao yenye kuba, na Rudas ya karne ya 16 bado watu wanaogelea humo. Bafu la Széchenyi lilifunguliwa 1913, jengo la manjano kubwa ajabu, na kisima chake cha pili kinavuta maji kutoka zaidi ya mita 1,200 chini ya ardhi yakiwa na nyuzi joto zaidi ya 70, inabidi yapozwe kwanza. Wakati wa baridi, theluji ikiwa pembeni, utakuta wazee wamesimama ndani ya maji mpaka kifuani wanacheza sataranji kwenye ubao, mvuke unapanda, hakuna mwenye haraka. Nchi iliyokosa ufukwe ikajitengenezea maisha ya majini ya aina yake, na wageni wanatoka nchi zenye bahari kwenda kuoga huko.

Bahari yenyewe, hata hivyo, waliwahi kuwa nayo. Kwenye dola la Austria na Hungaria bandari yao ilikuwa Fiume, ambayo leo ni Rijeka ya Kroatia. Baada ya vita ya kwanza ya dunia, tarehe 4 Juni 1920, mkataba wa Trianon ukaiondolea Hungaria theluthi mbili hivi ya ardhi yake, na Wahungaria zaidi ya milioni tatu wakajikuta raia wa nchi nyingine bila kuhama nyumba. Mtu aliyetawala nchi kuanzia mwaka huo mpaka 1944, Miklós Horthy, alikuwa admirali, kamanda wa mwisho wa jeshi la majini la dola lile, akitawala nchi isiyo na meli wala pwani. Kidonda cha Trianon hakijapona mpaka leo na wanasiasa wanakitonesha wakitaka kura, jambo ambalo mimi silipendi, kwa sababu huzuni ya watu ni kitu cha kuheshimiwa sio cha kupigia kampeni. Wananchi wa kawaida wakaligeukia zaidi ziwa Balaton, kilomita 77 kwa urefu, kina chake cha wastani mita tatu na kidogo, wanaliita bahari ya Hungaria na wanalipenda kwa dhati.

Ila kama nikiulizwa ni kitu gani kimefika mbali zaidi kutoka kwenye ile ardhi nitasema nyimbo. Kuanzia 1905 na 1906 vijana wawili watunzi wa muziki, Zoltán Kodály na Béla Bartók, walizunguka vijijini na fonografu, mashine yenye pembe inayorekodi sauti kwenye silinda za nta, wanawaomba bibi na babu waimbe mbele ya lile pembe, wanarekodi, wanaandika nota. Vijiji vingi walivyopita viko Transilvania, ambayo sasa ni Romania, na Slovakia ya leo, yaani vilibaki nje ya mpaka mpya. Bartók alirekodi pia Waromania na Waslovakia kwa mapenzi yaleyale, mwaka 1913 akaenda mpaka Biskra kule Algeria kurekodi Waarabu, na wazalendo wakali wa kwao wakamshambulia kwa kuwathamini majirani. Alikuwa sahihi yeye. Ukiishi kwenye bonde ambalo kila kabila limepita huwezi kudai wimbo umezaliwa peke yake. Kodály yeye akaja na msimamo kwamba mtoto aanze na sauti yake kabla ya chombo, aimbe nyimbo za nyumbani kwao, asome nota kwa do re mi na ishara za mkono ambazo zilitokea Uingereza. Wanakwaya wa huku kwetu waliofundishwa kwa solfa wataelewa ninachosema mara moja. Njia yake ikasambaa shule za Japani, Marekani na kwingineko, na 2016 UNESCO ikaiweka kwenye orodha ya njia bora za kuhifadhi urithi.

Mpira sasa. Tarehe 25 Novemba 1953 Hungaria iliifunga Uingereza 6-3 pale Wembley, Uingereza ambayo haikuwahi kufungwa nyumbani na timu ya bara la Ulaya. Nándor Hidegkuti alivaa namba 9 ila alikuwa anarudi katikati, beki wa kati akawa hajui amfuate au abaki, na Hidegkuti akafunga magoli matatu. Miezi sita baadaye wakarudiana Budapest ikaisha 7-1. Fainali ya Kombe la Dunia 1954 wakaipoteza kwa Ujerumani Magharibi 3-2, na mapinduzi ya 1956 yalipozimwa na vifaru klabu ya Honvéd, yenye wachezaji wengi wa timu hiyo ya taifa, ilikuwa nje ya nchi, nahodha Ferenc Puskás na wenzake kadhaa wakaamua hawarudi. Hapo ndo naona hii nchi ilivyo, utamaduni wake mwingi umesambaa kwa sababu watu wake walilazimika kuondoka. Bartók alifia New York 1945. László Bíró, aliyebuni kalamu yenye kijimpira nchani unayoandikia, aliishia Argentina. Na Béla Guttmann, Myahudi wa Budapest aliyenusurika mauaji ya Wanazi, akawa kocha wa Benfica, na kwenye fainali ya Ulaya ya 1962 kule Amsterdam ikawa Puskás kaifungia Real Madrid matatu, upande wa pili yuko Guttmann na kijana wa Msumbiji anaitwa Eusébio, kijana akafunga mawili na Benfica wakashinda 5-3. Mchezaji kutoka pwani ya Bahari ya Hindi, kocha kutoka ukingo wa Danube, kombe linaenda Lisbon!

Na kwetu walifika mapema kuliko watu wengi wanavyodhani. Mwaka 1887 kabaila wa Kihungaria, Sámuel Teleki, mzaliwa wa Transilvania, alianza safari kutoka Pangani akiwa na Ludwig von Höhnel, ofisa wa jeshi la majini la Austria na Hungaria, na mamia ya wapagazi, wakapita Kilimanjaro, wakapanda sehemu ya Mlima Kenya, na Machi 1888 wakafika kwenye lile ziwa kubwa la kaskazini. Wakalipa jina la mwanamfalme Rudolf wa Vienna, kana kwamba watu waliokuwa wanavua na kunywesha mifugo hapo hawakuwa na jina lake. Kenya ikalibadilisha kuwa Turkana mwaka 1975 na ilifanya vizuri. Jina la Teleki mwenyewe bado lipo, kwenye volkano ya kusini mwa ziwa na kwenye bonde la Mlima Kenya wanalopita wapandaji wa njia ya Naro Moru.

Sina shida na bonde kubaki na jina hilo, ni sehemu ya historia. Kinachoniuma ni kwamba kwenye msafara ule alikuwemo Jumbe Kimemeta, mfanyabiashara wa Pangani aliyekuwa anazijua njia za bara kabla Teleki hajatia mguu Afrika, na wapagazi wa Kiswahili waliobeba mizigo yote ile kwenye nchi isiyo na maji. Bila wao Teleki asingefika popote. Ningependa sana wanaohusika na ule mlima waweke hata kibao kimoja njiani chenye jina la Kimemeta, na Pangani nao wafanye hivyo pale mtoni, kwa sababu safari ilianzia kwao.