Tungo za maafa zitaje matope

Maafa yakitokea, simu zinajaa mashairi hata kabla ya mazishi. Sina ugomvi na kasi hiyo. Waswahili tumezoea kulia kwa vina, na gazetini tumekuwa tukitunga tangu enzi za Mambo Leo, lililoanza 1923. Ugomvi wangu ni na yaliyomo.

Chukua maporomoko ya Hanang, mkoani Manyara, ya tarehe 3 Desemba 2023. Tungo nyingi nilizosoma, ungefuta neno "Hanang" ukaweka mji wowote uliokumbwa na mafuriko, na shairi lisingetikisika. Ubeti wa kwanza Mungu kapanga, wa pili poleni wafiwa, wa tatu viongozi wanashukuriwa kwa kufika (hapo huwa vina vinapatikana kwa wingi ajabu), wa mwisho jina la mtunzi. Kijiji cha Gendabi hakimo. Mawe na magogo yaliyoshuka na maji hadi mji wa Katesh hayamo, wala watu zaidi ya 80 waliofariki.

Siku zile za mwanzo wengine walihofu kwamba volkano imelipuka, maana Hanang ni volkano iliyolala. Baadaye serikali ikaeleza: sehemu ya mlima yenye miamba dhaifu ilinyonya maji ya mvua, ikameguka. Maelezo hayo yanaenea kwenye utenzi bila taabu:

Mlima ulimeguka
Tope likaporomoka
Na mjini likafika
Asubuhi Jumapili

Mizani nane nane, hakuna ufundi wa kujivunia. Lakini mtoto akiukariri, ana siku, ana chanzo, anajua na tope lilikofika.

Dua siikatai, msibani watu huomba. Ila "kazi ya Mola haina makosa" ikiwekwa kuwa kibwagizo, ikarudiwa ubeti baada ya ubeti, nani atapata nafasi ya kuuliza kwa nini watu wanajenga kwenye mikondo ya maji, na nani anawapimia viwanja hivyo? Mashairi yetu ya siasa huuliza maswali makali kuliko hayo bila kuona haya.

Na wahariri wangeanza na tungo za watu wa Hanang wenyewe, hata zikija kwa Kiiraqw au Kidatooga na tafsiri pembeni. Mtu wa Gendabi anajua nyumba ya nani ilikuwa wapi. Mimi niliyekuwa mbali nina vina tu.