Virusi vilivyotoka Mulago, chanjo ambayo haijarudi

Tulipokuwa darasa la tatu, mkoani Mara, mwenzetu mmoja alianza kulegea meno. Wakubwa wakadhani ni jino bovu, likang'olewa. Likafuata la pili. Taya likavimba hadi jicho la upande ule likafichika, na muhula uliofuata dawati lake alikalia mtoto mwingine. Nilikuwa mtu mzima nilipojua kwamba uvimbe ule ni saratani na una jina, limfoma ya Burkitt. Kuusoma ndiko kulikonifikisha kwa Anthony Epstein, mtafiti Mwingereza aliyefariki Februari 2024 akiwa na umri wa miaka 102.

Aliyewaona watoto hawa kwanza kwa jicho la utafiti ni Denis Burkitt, daktari wa upasuaji wa hospitali ya Mulago, Kampala, kuanzia mwaka 1957. Tarehe 22 Machi 1961 alitoa mhadhara katika hospitali ya Middlesex, London. Epstein alifanya kazi papo hapo, akichunguza kwa hadubini ya elektroni virusi vinavyowapa kuku saratani. Burkitt akaeleza kuwa uvimbe huu unafuata nchi za joto na mvua, na kwenye miinuko ya baridi hauonekani. Epstein akang'amua: ugonjwa unaochagua hali ya hewa huenda una kitu kinachouambukiza. Siku hizo, wataalamu wengi hawakukubali kwamba virusi vinaweza kumletea binadamu saratani.

Vipande vya uvimbe vikaanza kusafirishwa kwa ndege kutoka Uganda. Miaka miwili hivi Epstein alitazama asione kitu. Kisha Desemba 1963 ukungu uliifunika London, ndege ikatua Manchester, kifurushi kikachelewa kumfikia. Kilipofika, maji yaliyohifadhi kipande yalikuwa yamechafuka, na mtu yeyote angeyamwaga akijua yameingiwa na bakteria. Yeye alichukua tone akaliweka chini ya hadubini ya kawaida, akakuta seli za uvimbe zimejitenga, zinaelea, zi hai. Yeye na mtafiti mwenzake Yvonne Barr wakafanikiwa kuzikuza maabara, na Februari 1964 virusi vikaonekana ndani yake. Namheshimu kwa lile tone kuliko kwa vyeo vyote alivyopewa baadaye.

Virusi vikaitwa Epstein-Barr. Bert Achong, mzaliwa wa Trinidad aliyeandika nao ripoti ya Machi 1964, hakuingia katika jina hilo. Mtoto mwenye uvimbe naye hatajwi, ingawa seli zake zilikuzwa na kuchunguzwa kwa miaka.

Leo inajulikana kwamba watu wazima tisa katika kila kumi, au zaidi, wanaishi na virusi hivi bila madhara makubwa. Kwetu malaria ndiyo inayoharibu mambo. Mtoto akiugua mara kwa mara, kinga yake hulemewa, na seli zinazotengeneza kingamwili hugawanyika kwa pupa. Katika mgawanyiko huo kromosomu (nyuzi zinazobeba vinasaba) ya 8 na ya 14 huweza kubadilishana vipande, kinasaba kiitwacho MYC, kinachoiamuru seli igawanyike, kikajikuta mahali kinapowashwa bila kuzimwa. Ili kuyafahamu haya, watoto wapatao 42,000 wa West Nile, Uganda, walitolewa damu. Kwetu Mara Kaskazini watoto walipewa klorokwini miaka kadhaa ili ionekane kama malaria ikipungua uvimbe nao utapungua. Tumechangia, tena sana.

Epstein alihamia Bristol mwaka 1968 na kuigeukia chanjo. Mwaka 1985 yeye na wenzake walionyesha kwamba protini ya gamba la virusi hivi iliwakinga tumbili wadogo wa Amerika Kusini wasipate uvimbe. Tangu hapo ni miaka arobaini, na hakuna chanjo iliyoidhinishwa. Najua virusi hivi ni vigumu, hujificha mwilini maisha yote. Lakini chanjo ya homa ya ini B ilipatikana, na ya saratani ya mlango wa kizazi pia. Siamini kwamba ugumu wa kisayansi pekee ndio uliotuchelewesha. Ugonjwa wa watoto wa vijijini hauna mnunuzi tajiri. Mwaka 2022 utafiti mkubwa wa Marekani ulipovihusisha virusi hivi na ugonjwa wa neva unaowasumbua zaidi watu wa nchi za kaskazini, hamu ya chanjo ilipanda upya.

Nafurahi, hata kama sababu ni hiyo. Ninachotaka ni watoto wa Mara, Nyanza na kaskazini mwa Uganda wahesabiwe tangu hatua za kwanza za majaribio, na bei ipangwe wao wakiwa akilini. Wizara zetu zianze kulisema hilo sasa, kabla kampuni hazijamaliza mipango yao.

Na wewe unayemlea mtoto ukanda huu, ukiona meno yake yanalegea kabla ya wakati na taya linavimba, usiishie kwa mng'oa meno. Mpeleke hospitali kubwa wiki hiyo hiyo. Uvimbe huu hukua kwa siku chache, na dawa zikiwahi, husinyaa kwa siku chache vilevile.