Eti mashairi hayauziki

Jumanne iliyopita nilipanda ngazi hadi ghorofa ya tatu, bahasha ya kaki kwapani, kwenda kumwona mchapishaji mmoja hapa mjini. Ndani ya bahasha yalikuwamo mashairi ya marehemu shangazi yangu, mwalimu wa shule ya msingi maisha yake yote, aliyekuwa akiandika kwa penseli nyuma ya maandalio ya somo kwa sababu karatasi za bure zilikuwa hizo tu. Bwana yule aliipokea bahasha, akaipimapima mkononi kama mtu anayekisia kilo ya nyama, akachungulia karatasi ya juu, akauliza: "Ni kitabu cha kiada au cha ziada?"

Nikamwambia si cha shule, ni diwani ya mashairi.

Akatabasamu kwa upole, na ule upole ndio ulioniudhi. "Kaka, mashairi hayauziki. Leta kiada chenye ithibati, hapo tutaongea." Bahasha akaiweka pembeni, akaniambia niipitie siku yoyote.

Kwenye daladala, nimebanwa dirishani na ndoo ya dagaa ya mama mmoja, nikamkumbuka Neil Astley, mchapishaji wa mashairi wa huko Uingereza. Najua, si mtu wa kumkumbuka ukiwa njiani kwenda Mbagala. Lakini miaka kadhaa nyuma nilinunua kwa wauza vitabu wa chini bunda la kitabu kiitwacho Staying Alive, jalada limeliwa pembeni, na tangu hapo yule Mwingereza sijamwacha.

Astley alizaliwa mwaka 1953 katika jimbo la Hampshire, kusini mwa Uingereza. Ujanani alizunguka kwenye uandishi wa habari, akafika hadi Darwin, Australia, na usiku wa Krismasi ya 1974 kimbunga Tracy kikamkuta hukohuko. Kimbunga kile kiliua watu zaidi ya 60 na kikaubomoa mji karibu wote. Yeye akatoka mzima. Akarudi Uingereza, akasoma Kiingereza katika Chuo Kikuu cha Newcastle, kule kaskazini ambako watu wa London hupataja kama sisi tunavyotaja mikoa ambayo hatujawahi kufika. Mwaka 1978, mfukoni hamna kitu, akaanzisha kampuni ya kuchapisha mashairi, Bloodaxe Books. Jina amelitoa kwa Eric Shoka-la-Damu, mfalme wa Kiviking aliyewahi kutawala sehemu zile. Kitabu cha kwanza kilikuwa kijitabu chembamba cha Ken Smith, Tristan Crazy. Mashairi, si kiada.

Sasa nisikilizeni hapa, maana hapa ndipo ninapotaka kugombana na yule bwana wa ghorofa ya tatu.

Mwishoni mwa 1998, kampuni ya uchapishaji ya Chuo Kikuu cha Oxford, yenye fedha, jina, majengo na kamusi zinazouzwa dunia nzima, ilitangaza kwamba inaifunga orodha yake ya washairi walio hai. Sababu? Biashara haikulipa. Yaani wazungu wenye digrii walisema kwa Kiingereza safi neno lilelile nililoambiwa mimi Jumanne. Washairi wakatupwa nje wakiwa wazima, vitabu vyao vingine bado viko rafu. Basi mwaka 2000 diwani kubwa ya Fleur Adcock, mwanamke aliyekuwa ameandika kwa miaka arobaini, ikatoka Bloodaxe. Anne Stevenson naye akatokea Bloodaxe. Moniza Alvi, mzaliwa wa Lahore, naye Bloodaxe. Jumba kubwa limefunga mlango, mtu wa kaskazini mwenye kampuni ndogo amefungua wake, na washairi wakaendelea kusomwa kama kawaida. Sasa niambieni, nani kati ya hao wawili alikuwa na tatizo la soko?

Miaka miwili baadaye Astley akatoa lile bunda langu, Staying Alive. Mashairi 500, na hakuyapanga kwa tarehe za kuzaliwa washairi wala kwa shule na nadharia. Aliyapanga kwa mambo yanayompata mtu: kupenda, kufiwa, kuzaa, kupotea njia, kurudi nyumbani. Ukifiwa unafungua kwenye msiba. Kitabu kikauzwa kweli, kikazaa ndugu zake watatu, Being Alive, Being Human na Staying Human. Wapo waliokunja nyuso wakasema mtu huyu anashusha hadhi ya ushairi, na yeye hakukaa kimya: mwaka 2005, kwenye tamasha la ushairi huko Uskoti, aliwashambulia hadharani wahariri na wahakiki wanaouhodhi ushairi kama mali ya ukoo wao.

Nakubali, kwa shingo upande, kwamba wakosoaji wake wana hoja. Shairi likiwekwa kwenye fungu la "huzuni" huanza kufanana na kidonge: kunywa moja kutwa mara tatu. Na ndiyo, Bloodaxe hupata ruzuku ya umma kupitia Baraza la Sanaa la Uingereza, kwa hiyo hajaishi kwa ujasiri peke yake. Na sisi, nikiwa mkweli, tuna Tuzo ya Taifa ya Mwalimu Nyerere, na ushairi umo. Haya, nimesema. Tuendelee.

Kinachonishangaza zaidi kwa Astley ni macho yake yalivyokuwa yanatazama mbali. Mwaka 1986 alichapa No, I'm Not Afraid ya Irina Ratushinskaya, mwanamke wa Odessa aliyekuwa amefungwa kwenye kambi ya kazi ngumu ya Kisovieti kwa sababu ya mashairi yake. Gerezani alikuwa anachukua kipande cha sabuni, anachora beti kwa njiti ya kiberiti, anazikariri, halafu ananawa mikono. Shairi linabaki kichwani, ushahidi unakwenda na povu. Oktoba mwaka uleule akaachiwa, siku chache kabla Reagan wa Marekani na Gorbachev wa Sovieti hawajakutana Reykjavik, Iceland. Sisemi kitabu ndicho kilichofungua kufuli. Nasema tu kilikuwapo mezani wakati kufuli linafunguliwa.

Na jirani yetu, mshairi Jack Mapanje wa Malawi? Rais Kamuzu Banda alimweka gereza la Mikuyu zaidi ya miaka mitatu bila kesi, kuanzia 1987. Mwaka 1998 Bloodaxe walimtolea Skipping Without Ropes, kuruka kamba bila kamba, kwa sababu gerezani kamba ya mazoezi ilikuwa marufuku na mtu akawa anaruka hewa. Malawi ni kuvuka tu mto Songwe. Kitabu chake kimechapwa kwenye baridi ya Northumberland. Na sisi ambao Abdilatif Abdalla wetu aliandika Sauti ya Dhiki kwenye karatasi za chooni gerezani Kenya, tunaambiana ushairi hauna soko!

Astley mwenyewe ni mshairi, na hili watu husahau. Darwin Survivor ilitoka 1988. Mwaka 1995 ikaja Biting My Tongue, kuuma ulimi, na jina lile kila nikilisoma nacheka kidogo, maana miaka yote hiyo dawati lake lilikuwa limejaa ndimi za wengine. Riwaya alijaribu pia. Lakini wasomaji wengi wanaomshukuru hawawezi kukutajia mstari wake hata mmoja. Kuna watu wanamhurumia kwa hilo. Mimi siwahurumii wanaomhurumia. Hebu fikiria mhariri mwenye kipawa chake mwenyewe, asubuhi anafungua bahasha za watu asiowajua, na kabla ya kuuliza kitabu kitauza nakala ngapi, anasoma. Anasoma! Ndicho tu nilichokitaka pale ghorofa ya tatu.

Ijumaa nilirudi kuchukua bahasha. Ilikuwa palepale pembeni, imebeba kikombe cha chai, na duara la kahawia limebaki juu yake. Karani akanikabidhi huku akinieleza, kwa nia njema kabisa, kwamba bosi anasema niliwaletea maandalio ya Hisabati ya darasa la nne na mtaala huo umeshabadilika.

Hakuigeuza karatasi. Upande wa pili, kwa penseli iliyoanza kufifia, shangazi alikuwa ameanza hivi:

Chaki imekwisha ndugu, naandika kwa kidole.