Roboti za shule zinauawa na betri

Ile picha imerudi tena kwenye makundi ya WhatsApp ya walimu: mgeni rasmi, meza yenye kitambaa, seti za roboti zikiwa bado ndani ya nailoni, na bango linalotangaza kuwa shule imeingia zama za akili mnemba. Hongereni. Sasa fungua sanduku moja. Utakuta bodi ya Uno (kikompyuta kinachoendesha programu), kiendeshaji mota cha L298N (kinachopitisha umeme wa betri kwenda kwenye mota kwa amri ya bodi), mota mbili za manjano, kihisi cha umbali cha HC-SR04, bunda la nyaya na, chini kabisa, klipu ya betri moja ya volti 9, ile ya mstatili.

Aliyeichagua klipu hiyo hajawahi kusimamia kipindi cha dakika 80 mbele ya Kidato cha Pili.

Betri ile inafaa vitu vinavyokula kidogo kidogo, kama king'ora cha moshi au maltimita, kile kifaa cha kupimia umeme. Ukinzani wake wa ndani ni mkubwa, yaani ukiivuta umeme mwingi volti zake hushuka. Mota ya manjano ikizunguka hewani huvuta takriban miliampea 150, lakini inapoanza kuondoka, au gurudumu likikwama kwenye mguu wa dawati, hukaribia ampea nzima. Na mota ni mbili. Volti zinaporomoka, bodi inazimika na kuwaka upya, programu inaanza tena mstari wa kwanza, mota zinajaribu kuondoka, volti zinaporomoka. Gari linashtuka-shtuka palepale kama mtu mwenye kwikwi.

Kinachoniudhi ni kinachofuata. Watoto wanaambiwa, "Hebu kagueni programu yenu." Programu haina kosa! Wanabadilisha muda wa kusubiri, wanafuta masharti, wanakopi ya jirani ambaye betri yake ina uhai kidogo zaidi, kengele inalia. Binti aliyefikiri sawasawa anaondoka akiamini hajui kufikiri.

Hesabu yenyewe ni ya darasa la saba. L298N ni ya kizamani na humeza takriban volti 2 njiani. Seli nne za AA za kuchaji, volti 1.2 kila moja, zinatoa 4.8, mota inabakiwa na 2.8, nayo inanguruma bila kusogea. Weka seli sita upate 7.2, mota ipokee kama 5, gari liende. Ukibahatika kuchagua kiendeshaji mwenyewe, chukua TB6612FNG, kwa sababu upotevu wake ni mdogo mno. Bodi nayo ipewe umeme wake kupitia waya wa USB, ila jaribu pawabenki moja kabla ya kununua kumi: nyingi hujizima zikiona mzigo ni mdogo, na Uno peke yake hula kama miliampea 50 tu. Halafu waya wa GND (upande wa hasi) wa bodi uungwe na wa kiendeshaji. Ukisahauliwa huo, mota hazitii amri, au zinatii zinapotaka.

Mtaniambia kuna seli za 18650, zile za kwenye betri za laptop kuukuu. Zina nguvu, sibishi. Lakini seli isiyo na kinga, waya uliochunika na watoto 40 chumba kimoja? Shoti moja tu inatosha kuunguza vidole. Zibaki kwa klabu ya watu wachache, na zisiachwe kwenye chaja usiku kucha.

Somo la kwanza lisiguse kompyuta kabisa. Kila kundi lipewe maltimita na karatasi yenye safu tatu: volti gari likiwa limesimama, likienda, na gurudumu likiwa limeshikwa kwa kidole kwa sekunde moja (moja tu, mota isiungue). Betri ya mstatili itasoma vizuri sana kwenye safu ya kwanza, na ndiyo maana inadanganya walimu. Kwenye ya tatu itaanguka mbele ya macho yao, na hakuna atakayehitaji hotuba kuhusu ukinzani wa ndani. Seli zitiwe alama kwa seti, A1 hadi A6, B1 hadi B6. Ukichanganya mpya na chakavu, ile dhaifu huisha mapema, nyingine zikaendelea kuisukumia umeme kinyume hadi ife kabisa.

Mengine kwa ufupi. Vile vikucha vya shaba vya mota hukatika baada ya kukunjwa mara chache. Lehemu nyaya na uzishikilie kwa gundi ya moto kabla ya siku ya kwanza. Moduli ya bluetooth iliyochomekwa pini 0 na 1 huzuia kupakia programu, ichomoeni kwanza. Watoto wanane kwa gari moja maana yake wawili wanajenga na sita wanapiga soga.

Na ndiyo, seti za LEGO zina betri yake ya kuchaji na plagi zisizoingia kinyume. Nakubali, shingo upande. Ila Mindstorms, zile seti zao za roboti, ilisitishwa mwishoni mwa 2022, na mwenye toleo lake la EV3 lililokufa betri anajua kazi ya kutafuta spea yake. Seli ya AA inapatikana mjini.

Kwa hiyo mfadhili akija na magari 20, mwombeni alete 12. Pesa inayobaki inunue seli 108, yaani seti moja ya seli sita ndani ya kila gari na seti sita za akiba, maltimita sita, chaja za kutosha, na mota 10 za spea. Kwenye picha havitapendeza.