Bwana Mkubwa wa Sebuleni

Mvua imenyesha kidogo tu, zulia limeamka. Mnaofuga paka mmeshanielewa. Msiofuga, endeleeni kulala.

Mimi mtu mzima, nina heshima zangu, vikaoni naitwa mzee. Asubuhi hii nilikuwa nimepiga magoti sebuleni, makalio juu, pua kwenye zulia, natafuta mkojo. Mwenye mkojo kakaa kochini, mkia kauzungusha miguuni, ananitazama. Hata kope hapepesi.

Jirani kanishauri nimwage klorini. Mkojo una amonia, ukikutana na klorini unatoa hewa ya sumu. Tufe wote, paka arithi nyumba? Mke wangu naye kapuliza marashi, sasa sebule inanuka kama paka aliyetoka harusini.

Lakini wa kusimuliwa ni fundi. Alikuja juzijuzi na mashine ya mvuke, ovaroli imepigwa pasi. Akasimama mlangoni, akafumba macho, akavuta pumzi.

"Bosi, huyu dume."

Nikasema ndiyo.

"Na hajahasiwa."

Nikamvutia kiti. Mtu anayesoma paka kwa pua si wa kusimamishwa. Nikamwambia kwa adabu, fundi, nasikia joto la mvuke linaweza kuigandisha harufu kwenye nyuzi. Akacheka kwa huruma.

"Bosi, kati yangu na wewe, nani fundi?"

Ukishaulizwa hilo, wewe kaa pembeni utoe pochi. Akawasha. Mashine ikanguruma, paka akaparamia pazia, ukungu ukajaa, na ndani ya ukungu ule ikafufuka mikojo ambayo tulishaizika. Watoto wakatoka nje. Mke wangu akatoka nje. Fundi mwenyewe akatoka nje! Akaniambia kupitia dirishani, "Ikikauka inaisha, bosi."

Ikakauka, ikaisha kweli. Mpaka mvua ya leo.

Kumbe kinachotutesa ni chembe za asidi ya yuriki. Maji haziyataki, haziyeyuki. Zimejikalia kwenye sponji la chini, zikipata unyevu tu zinadai haki zao. Kiboko yake ni dawa ya vimeng'enya: unalilowesha zulia nayo mpaka chini kabisa, husugui, unaiacha iutafune mkojo taratibu. Nikampigia fundi kumweleza. Akasema anayo, anauza. Anayo! Tena siku ile ilikuwa kwenye gari!

"Sasa mbona hukusema?"

"Bosi, hukuuliza."

Jamani.

Daktari wa mifugo naye anasema nisimlaumu paka kabla hajapimwa kibofu, maana anayekojoa hovyo huenda anaumwa. Haya, nikamtia kikapuni, mkono wangu sasa una mistari kama daftari. Kapimwa, mzima wa afya. Daktari akaniuliza kwa upole, kuna kitu mmebadilisha nyumbani? Paka akibadilishiwa mazingira anapata msongo wa mawazo.

Tumebadilisha kochi. Yeye ndiye mwenye msongo! Mimi ninayelilipia kidogo kidogo kila mwezi nimestarehe, eti? Na kochi lenyewe mguu mmoja mfupi, nimetegea kibao. Ukikaa upande wa kushoto linalia prrr, mgeni anakutazama anadhani ni wewe. Unaanza kulitikisa makusudi lilie tena, apate kujua ni kochi, na hapo ndipo linapokaa kimya. Seremala nikimpigia anasema yuko njiani. Njia gani hiyo isiyofika?