Kufungwa mwezi Agosti kuna hesabu yake

Kila mwishoni mwa Agosti, msimu wa mpira wa wavu wa wanawake wa vyuo vikuu vya Marekani unapofunguliwa, hulaumiwa kocha wa chuo kidogo anayekubali kusafiri kwenda kucheza na vigogo kabla ya mechi za konferensi yake, yaani kundi la vyuo kinamoshiriki ligi. Huambiwa kwamba anawapeleka mabinti wa watu kupigwa seti tatu bila, wakati ushindi mbele ya timu za kiwango chake ungewajenga zaidi. Wanaosema hivyo wana uchungu na wachezaji, lakini hawajaitazama hesabu anayoitazama yeye.

Bingwa wa konferensi huingia moja kwa moja katika mashindano ya timu 64 ya NCAA, chama kinachosimamia michezo ya vyuo vya Marekani. Waliosalia huteuliwa na kamati, ambayo kwa miaka mingi imeegemea RPI, kipimo cha kupanga timu kwa matokeo yake na ugumu wa ratiba yake. Asilimia 25 ya kipimo hicho hutokana na wastani wako wa ushindi, asilimia 50 wastani wa wapinzani wako, na asilimia 25 wastani wa wapinzani wa wapinzani wako. Chukua msimu wa mechi 30. Mpinzani mmoja hushinda 24 kati ya mechi zake nyingine 30, mwenzake hushinda 8. Ukimweka wa kwanza kwenye ratiba badala ya wa pili, unaongeza takriban 0.0089 kwenye RPI yako; ushindi wako mmoja ukigeuka kipigo, unapoteza takriban 0.0083. Kwa hiyo, hata kabla ya kuigusa robo ya mwisho ya kipimo, aliyefungwa na yule wa 24 anabaki juu kidogo ya aliyemfunga yule wa 8.

Wakubwa nao hawaogopi kipigo cha mapema. Timu ya Chuo Kikuu cha Nebraska ilifungwa 3-0 ugenini na ya chuo cha SMU mwanzoni mwa Septemba 2024, lakini ilimaliza msimu na ushindi 33 na vipigo 3 tu, na katika upangaji wa mashindano ya NCAA ilikuwa miongoni mwa timu nne zilizowekwa juu kabisa.

Upande wa pili una hoja yenye uzito. Kamati hutazama pia umewafunga akina nani, na wastani mzuri hauzibi pengo la timu isiyo na ushindi wowote wa maana. Tena kuna uwanjani kwenyewe: seva kali, yaani mpira wa kuanzisha, huipeleka pasi ya kwanza mbali na wavu, seta mgeni, anayewaandalia wenzake mpira wa kupiga, anakimbia kuufikia mpira, hana pa kuupeleka ila kushoto, na huko bloku ya watu wawili, ukuta wa mikono juu ya wavu, tayari inamsubiri mshambuliaji. Hali hiyo ikijirudia wikendi nzima, binti huanza kupiga kwa woga. Hata hivyo kasoro hiyo ya pasi ipo Agosti iwe imeonekana au haikuonekana, na afadhali ifichuke kukiwa bado na miezi ya mazoezi.

Ninachokihofia zaidi ni kocha kudanganywa na jina. Timu ya mkiani katika konferensi kubwa ina jezi maarufu na ukumbi mzuri, lakini ikimaliza na ushindi 8 huweza kumshusha aliyeifunga, ilhali bingwa wa konferensi ndogo asiyejulikana, mwenye ushindi 24, huweza kumpandisha hata aliyefungwa naye.