Asilimia ya Waliomaliza: Nani Amehesabiwa, Nani Ameachwa?

Mfadhili akiuliza "wangapi wamemaliza kozi?", anataka nambari moja. Mkufunzi anajua kwamba nambari hiyo inategemea nani ameondolewa kwenye orodha kabla ya hesabu kupigwa. Hapo ndipo mvutano unapoanza, na kila upande una sehemu ya haki.

Tuchukue mfano. Kozi ya mtandaoni ya huduma kwa wageni imeandikisha wafanyakazi 40 wa hoteli za Nyali na Bamburi, Mombasa. Watu 10 hawajafungua hata somo la kwanza, 18 wamemaliza, na 12 wamekwama njiani. Ukihesabu wote, waliomaliza ni asilimia 45. Ukiwatoa ambao hawajafungua kitu, inapanda hadi 60. Sasa weka kichujio cha "walioingia ndani ya siku 30 zilizopita". Tuseme watu 12 kati ya waliomaliza walimaliza mapema, hawana sababu ya kurudi. Wanatoweka. Wanabaki 6 waliomaliza na wale 12 waliokwama ambao bado wanaingia, na kozi ile ile inasoma asilimia 33. Kichujio kilichowekwa ili tuwaone wanaosoma kimewafuta waliosoma wakamaliza!

Wakubwa nao yanawafika. Mwaka 2019 Justin Reich na José Ruipérez-Valiente walichapisha katika jarida la Science uchambuzi wa kozi za MIT na Harvard, vyuo vikuu vya Marekani, zilizotolewa kupitia edX, jukwaa la kozi za mtandaoni. Katika mwaka wa masomo wa 2017–18, waliomaliza walikuwa asilimia 3.13 ya washiriki wote. Miongoni mwa waliolipia cheti, walikuwa asilimia 46. Ukitaka kuziponda kozi hizo unataja nambari ya kwanza, ukitaka kuziuza unataja ya pili, na hujasema uongo mara zote mbili.

Wanaotetea kuchuja wana hoja nzito. Mtu aliyeandikishwa na meneja wake bila kuambiwa, au ambaye namba yake ya simu ilikosewa, hajawahi kuwa mwanafunzi. Kumhesabu ni kuipa kozi lawama isiyo yake. Tena mkufunzi mwenye washiriki 200 hawezi kupitia jedwali la maendeleo yao mtu mmoja mmoja. Akichuja "hajaingia wiki mbili na bado hajafika nusu", anapata orodha fupi ya watu wa kupigiwa simu leo. Mimi sijaona matumizi bora ya data hizi kuliko hayo.

Upande wa pili husema jedwali halijui maisha ya mtu, na Mombasa mifano haiko mbali. Mwezi wa Ramadhani wengi husoma baada ya tarawehe au wakisubiri daku, kwa hiyo ripoti inayoangalia saa za kazi pekee itasema wamelala. Wa bandarini anafuata zamu, si ratiba ya kozi. Na kuna hili la saa: mifumo mingi huhifadhi muda kwa UTC, yaani saa rasmi za kimataifa, ambazo ziko nyuma yetu kwa saa tatu. Aliyefanya jaribio Jumanne saa nane za usiku, ripoti isiporekebishwa, ataonekana amelifanya Jumatatu saa tano usiku. Kama mwisho wa kukusanya kazi ulikuwa Jumatatu usiku wa manane, aliyechelewa amesalimika.

Hata hivyo, wapinzani hawa hutia chumvi wanaposema mkufunzi mzuri anawajua watu wake bila jedwali. Anawajua 20, tena wale wanaouliza maswali. Yule mpole, aliyekwama somo la tatu na anaona haya kusema, mara nyingi ni jedwali linalomfichua.

Kwangu mimi tatizo kubwa liko chini ya kichujio: neno "amemaliza" limewekwa na nani, na kwa kigezo gani? Katika Moodle, mfumo wa kuendesha kozi mtandaoni, mwenye kozi anaweza kuamua kwamba shughuli imekamilika mshiriki akiifungua tu, akitia tiki mwenyewe, au akipata alama ya kupita. Haya ni mambo matatu tofauti, lakini kwenye ripoti yote yanakaa safu moja. Kozi za SCORM 1.2, kanuni za mwaka 2001 za kufungasha kozi ili ziendeshwe kwenye mifumo tofauti, ambazo bado zinatumika, zina jambo la ajabu zaidi: kukamilisha na kufaulu hugombea nafasi moja. Aliyefaulu huandikwa "amefaulu", si "amekamilisha". Ukichuja "amekamilisha" peke yake, umewaacha nje waliofanya vizuri. SCORM 2004 ilivitenganisha vitu hivyo viwili, lakini hilo halikurekebisha vifurushi vya kozi vya zamani.

Kuna na suala la jedwali kuhama meza. Orodha ya kupigia watu simu ikifika kwa meneja wa hoteli msimu wa wageni ukiisha, inaweza kugeuka orodha ya vibarua wa kupunguzwa. Sheria ya Ulinzi wa Data ya Kenya ya mwaka 2019 inataka data zilizokusanywa kwa lengo moja zisitumiwe kwa lengo lisilopatana nalo, na inampa mtu haki ya kutoamuliwa na mashine peke yake katika mambo yanayomwathiri sana. Aliyeambiwa data zake ni za kumsaidia kusoma ana haki ya kushangaa.

Je, mfadhili apewe nini? Nadhani apewe nambari tatu: walioandikishwa, walioanza, waliomaliza. Atalalamika kwamba hawezi kulinganisha kundi la Januari na la Julai, na hapo nakubaliana naye, maana kila kundi likichujwa kivyake ulinganisho umekufa. Basi vigezo viandikwe kabla ya somo la kwanza kufunguliwa: "ameanza" maana yake nini, "amemaliza" maana yake nini, saa ni za wapi. Mkufunzi atabaki huru kuchuja apendavyo anapotafuta wa kuwasaidia, ila ripoti inayotoka ofisini itumie kigezo kilichoandikwa, hata kama matokeo yake ni ile asilimia 45 na si 60.